Karatasi ya Mafumbo Kumi na Matano

Siku hizi kanisani wanasema "tendo". Tendo la kwanza la uchungu, tendo la pili la uchungu. Wajukuu wangu wamefundishwa hivyo, na mimi nikianza rozari kwa kusema "fumbo" wananitazama kwa huruma, wakidhani bibi amesahau. Sijasahau kitu. Mimi nilifundishwa fumbo, na kwa sababu ya neno hilo mama mkwe wangu alipandishwa lori nikimwona kwa macho yangu mawili. Kwa hiyo mtu asinisahihishe.

Mambo haya yalitokea Subukia wakati wa Hali ya Hatari, katika shamba la kahawa la mzungu. Nilikuwa sijamaliza mwaka tangu niolewe, na mimba ya kwanza ilikuwa imeanza kuonekana. Mume wangu alifanya kazi kwenye kinu cha unga Nakuru mjini, na alikuja nyumbani mara moja kwa mwezi, akipata pasi, kibali cha kusafiri. Siku nyingine zote niliishi na mama yake katika chumba kimoja cha udongo kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mstari mmoja nyuma ya ghala la kahawa.

Niseme ukweli, hatukupatana. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha, na hakuna nilichofanya kikamridhisha. Ugali wangu ulikuwa mbichi, ufagio wangu uliruka pembe, kitambaa changu nilikifunga kama msichana wa mjini. Nami nilikuwa na kiburi changu. Nilikuwa nimesoma kwa masista mpaka darasa la sita, na yeye hakujua hata herufi moja. Lakini katekisimu aliijua yote kwa moyo, maswali na majibu, na alikuwa akiniuliza nikiwa nimeinama namenya viazi. "Sakramenti ni nini?" Nikiruka neno moja alinikata papo hapo. "Sema yote." Hilo ndilo lilikuwa neno lake. Ukimsalimia nusu, "sema yote". Ukimweleza habari ya jirani ukaacha mkia, "sema yote". Wallahi nilichoka nalo!

Yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa rozari ya watu kumi na watano. Nieleze, maana vijana hawaijui. Rozari nzima wakati ule ilikuwa na mafumbo kumi na matano: matano ya furaha, matano ya uchungu, matano ya utukufu. Wanawake kumi na watano walikubaliana, na kila mmoja akachukua fumbo lake kwa mwezi mzima. Kila siku anasali lile moja tu, Baba Yetu moja na Salamu Maria kumi, popote alipo, akiwa kisimani au katikati ya mibuni. Hakuna haja ya kukutana. Wote wakimaliza, rozari nzima imesaliwa siku hiyo. Mwezi ukiisha wanapiga kura upya.

Serikali ilipotangaza kwamba watu wasikusanyike, makundi mengine yote ya kanisa yalikufa. Sisi tulizidi kupata nguvu. Padri alikuja mara moja kwa mwezi kwa pikipiki, akaungamisha watu kwenye ghala, akasoma misa kwa Kilatini juu ya meza ya kuchagulia kahawa, akaondoka. Alikuwa mtu mwema, sikatai. Lakini alihubiri dhidi ya kiapo cha wapiganaji wa msituni Jumapili tatu alizokuja mfululizo, na juu ya mashamba yaliyochukuliwa sikumsikia akihubiri hata nusu Jumapili. Wanaume katika laini waliliona hilo, wakasema kanisa ni la wazungu na zile shanga ni hirizi zao. Homugadi, wale askari wetu weusi waliopewa bunduki na serikali, nao walizishuku shanga zetu kwa sababu zao. Tulikuwa tumebanwa katikati.

Mama mkwe wangu hakuogopa upande wowote. Kiapo alikikataa waziwazi, na hakuna mtu katika laini ambaye hakujua. Lakini mtu akimwambia kwamba Mungu ni wa wazungu alimgeukia na mwiko mkononi. "Mzungu alimkuta Mungu njiani, kama mimi," alisema. "Shamba hili ni letu, liliibwa. Na rozari hii ni yangu. Sasa wewe unataka nichague nini?" Nilikuwa nikimsikiliza nikijifanya napuliza moto. Siku hizo sikumpenda, lakini mambo kama hayo nilipenda kuyasikia.

Kazi ya kuandika ilikuwa yangu. Niliandika vikaratasi kumi na vitano, nikavikunja, nikavitia chini ya kikapu changu cha kuchumia kahawa. Wanawake walipita mmoja mmoja kwenye mistari ya mibuni, wakachomoa, wakarudi baadaye niwasomee kwa kunong'ona. Kisha nilitakiwa kuandika orodha moja kubwa, ionyeshe nani ana fumbo gani. Orodha hiyo mama mkwe aliihitaji kweli. Lori zilikuwa zikija bila taarifa na kubeba familia nzima kuzirudisha rizavu, maeneo tuliyotengewa Waafrika. Leo jirani yako yupo, kesho nyumba yake haina mlango. Akichukuliwa mmoja wetu, ni lazima ijulikane fumbo gani limebaki wazi ili mwingine alisali. "Nafasi moja ikiwa wazi, rozari imekatika," alikuwa akisema.

Mwezi ule, siku ya kuandika orodha, nilikuwa nimetapika tangu asubuhi na mgongo uliniuma kwa kuchuma. Juu ya hayo, mama mkwe alikuwa amenigombeza mbele ya majirani kwa kuunguza maharagwe. Nilikaa mlangoni na kipande cha karatasi ya kaki kilichochanwa kutoka mfuko wa sukari, hasira imenijaa. Yeye alisimama nyuma yangu akinitajia cha kuandika, ingawa mimi ndiye msomi. "Andika yote. Andika: Fumbo la pili la uchungu, Bwana wetu Yesu Kristo anapigwa mijeledi nguzoni. Usifupishe jina la Bwana."

Nikaandika: Uchungu. Mbili. Kupigwa. Mama.

Juu kabisa nilikuwa nimeandika Fumbo, basi, nikaendelea hivyohivyo mpaka mwisho, neno moja kwa kila fumbo. Karatasi ilikuwa ndogo, ni kweli, lakini sikufupisha kwa sababu ya karatasi. Nilitaka tu kuwe na jambo moja ambalo hakuweza kunisahihisha. "Umeandika yote?" akaniuliza. "Ndiyo, Mama, yote." Aliichukua karatasi kwa mikono miwili, akaibusu, akaificha nyuma ya picha ya Bikira Maria iliyotundikwa ukutani. Uongo ule nimeuungama mara tatu kwa mapadri watatu tofauti, na bado unanikereketa.

Haikupita wiki, wakaja.

Ilikuwa asubuhi, tumejipanga na vikapu tayari kwenda kuchuma. Homugadi walituzuia, wakatuchuchumaza kwenye uwanja wa kuanikia kahawa, na wenzao wakaingia nyumba hadi nyumba. Mkubwa wao alikuwa kijana wa kizungu aliyevaa kaki, mtoto wa mwenye shamba la jirani, ambaye tulikuwa tukimwona akipanda farasi kabla hajapewa bastola. Kando yake alisimama nyapara wetu, msimamizi wa wafanyakazi, akitafsiri. Nyapara alikuwa mtu wa kwetu, lakini alikuwa amesimama na serikali, na kila mtu alijua watu wa msituni wamekwisha mwandika miongoni mwa watakaouawa. Hakulala tena bila mlinzi mlangoni.

Homugadi mmoja alitoka nyumbani kwetu ameshika picha ya Bikira Maria kwa pembe, kioo kimevunjika, na karatasi yangu mkononi. Alikuwa anajua kusoma, akasoma kwa sauti kubwa.

"Fumbo. Uchungu. Moja, damu, mama wa mapacha. Mbili, kupigwa, mama. Tatu, miiba, mke wa mchunga ng'ombe. Nne, kubeba, mama wa mlango wa mwisho. Tano, kuuawa." Akamtazama nyapara. "Kuuawa, mke wa nyapara."

Nyapara alikuwa mweusi tii, lakini niliona uso wake ukibadilika rangi, ukawa wa majivu.

Yule kijana wa kizungu akauliza fumbo ni kitu gani. Homugadi akajibu, na haki ya Mungu hakudanganya. Alisema fumbo ni neno la kuficha, maana yake wanaijua wenyewe waliolitunga. Mzungu akaitazama karatasi upya. Kulikuwa na "kupatikana" pale, na "kutolewa", na "kushuka". Akataka kujua ni nani atakayepatikana, nani atolewe, na nani anashuka kutoka wapi, msituni?

Mama mkwe wangu akasimama bila kuambiwa. "Hiyo ni sala," akasema. "Iko nyumbani kwangu na ni yangu."

"Sala gani ya kuua?" nyapara akauliza. Hakungoja kutafsiri.

"Ni Bwana wetu Yesu aliyeuawa. Imeandikwa hapo."

"Hapa Yesu hayupo. Hapa pameandikwa kuuawa, na yupo mke wangu."

Hapo mama mkwe akageuka. Hakuitazama karatasi, angeitazamia nini? Alinitazama mimi. Ndipo alipojua kwamba sikuandika yote. Nimeangaliwa na watu wengi wenye hasira maishani mwangu, lakini jicho lile halikuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Nani andika hii?" mzungu akauliza kwa Kiswahili chake.

"Mimi," mama mkwe akasema.

Wakampa penseli na kumwambia aandike neno lolote. Aliishika kama mtu anayeshika mwiko, akainama juu ya karatasi, akachora msalaba. Homugadi mmoja alicheka. Mzungu hakucheka, akauliza tena ni nani aliyeandika, na safari hii aliuliza akitutazama sisi tuliochuchumaa.

Mimi ndiye pekee katika laini ile niliyesoma kwa masista. Kila mwanamke pale alijua, na hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo kunitazama. Nilifungua mdomo. Mtoto alijigeuza tumboni, au nilidhani amejigeuza, na kabla sijasema neno mama mkwe alipaza sauti yake ile ya kuamrisha. "Kila mtu ashike lake amalize lake! Na nafasi yangu isiachwe wazi!"

Alikuwa anatuambia tusali. Nyapara alimtafsiria mzungu kwamba mama huyu anawapa watu wake amri. Basi hapo mambo yakaharibika kabisa. Wakamfunga mikono, wakampandisha kwenye lori la kwenda kambi ya skriningi, kule walikowahoji watu mpaka waseme kama wamekula kiapo. Kila mtu alijua wanahojiwa vipi. Mimi nikafunga mdomo wangu. Mwezi ule kura yangu ilikuwa Kupatikana, mtoto Yesu anapatikana hekaluni, na mimi niliogopa kupatikana kuliko nilivyoogopa dhambi.

Kuna mwanamke mwingine aliyenyamaza asubuhi ile. Mke wa nyapara, tuliyemwita Mama Nyapara, alikuwa amesimama mlangoni pa nyumba yao ya mabati akiona yote. Yeye alikuwa mwenzetu. Kikaratasi chake cha "Kuuawa" alikuwa amekishona ndani ya pindo la leso yake, kwa sababu mumewe alikuwa amemkataza vikundi vya wanawake vya kila aina. Neno lake moja lingetosha. Aliingia ndani akafunga mlango.

Kesho yake nilikwenda kuchuma kahawa kama kawaida. Nilichanganya mbivu na mbichi mpaka karani akanimwagia kikapu chini. Nilijaribu kusali fumbo langu, kisha la mama, ili nafasi yake isibaki wazi. Langu lilikwenda. La pili la uchungu lilinishinda. Nilikuwa nikifika Salamu Maria ya tatu naona lori. Nikafikiri kwenda kwa padri misheni aje aeleze maana ya fumbo, lakini huwezi kutoka shambani bila pasi, na pasi iliombwa kwa nyapara. Nikajiambia labda watamwachilia wenyewe. Nikajiambia mimba yangu ni mjukuu wake, yeye mwenyewe angetaka ninyamaze. Nilijiambia mengi siku ile, na yote yalikuwa na maana nzuri. Ilikuwa woga tu.

Siku ya tatu nilimvizia Mama Nyapara kwenye bomba la maji. Alikuwa peke yake, debe lake linajaa.

"Mama," nikamwambia, "wewe unajua ile ni rozari. Toa kikaratasi chako uwaonyeshe."

"Kikaratasi gani?"

"Kilichomo kwenye pindo hapo. Mimi ndiye niliyekiandika, usinichezee."

Akalikunja pindo la leso ndani ya ngumi. "Unataka nifanywe nini? Mume wangu akijua nilikuwa nanyi atanirudisha kwetu leo hii. Na kwetu wanamwita msaliti, nikirudi huko na jina lake nitachomwa ndani ya nyumba. Wewe kwenu una pa kurudi."

"Na yule mzee kule kambini? Amesema ni yeye aliyeandika! Hajui hata kuandika jina lake!"

"Basi si wewe ndiye uliyeandika?" akaniambia. "Nenda ukaseme wewe."

Nilitamani kumpiga na lile debe. Alikuwa amesema kweli, na kweli yenyewe nilikuwa naikimbia kwa siku tatu nikitafuta mtu mwingine wa kunibebea. Nilimwacha pale. Sikupita nyumbani wala sikuvua aproni ya kuchumia, nikaenda moja kwa moja ofisini, kibanda cha mbao karibu na nyumba ya mwenye shamba. Yule kijana mwenye bastola alikuwa hapo, ameweka makao kwetu wiki ile, anakunywa chai barazani. Nyapara alikuwa amesimama kando.

"Karatasi ile niliandika mimi," nikasema. Nilitaka sauti iwe ya heshima lakini ilitoka kwa kelele. "Mama yule hajui kusoma. Ni rozari. Nilifupisha maneno."

Mzungu akaitoa karatasi mfukoni, akaniwekea mezani. "Soma."

Nikasoma, na safari hii nikasema yote. Malaika Gabrieli anampasha Bikira Maria habari. Bwana wetu Yesu Kristo anatoka jasho la damu bustanini. Bwana wetu Yesu Kristo anapigwa mijeledi nguzoni. Nilipita mafumbo kumi na matano bila kuruka neno. Nilipomaliza, mzungu akamgeukia nyapara akamuuliza kama anaamini. Nyapara akasema mtu akipewa siku tatu anaweza kutunga hadithi nzuri.

"Sasa iko wawili," mzungu akasema. Akaamuru nipandishwe lori la mchana.

Homugadi alikuwa amekwisha nishika mkono wa juu niliposikia debe likianguka. Mama Nyapara alikuwa amesimama chini ya ngazi za baraza, maji yanamtiririka miguuni. Sijui alikuwa amenifuata tangu lini. Alishika pindo la leso yake akalirarua kwa meno, mbele ya wanaume wote wale, akatoa kikaratasi na kukiweka mezani kando ya kile kikubwa. Mwandiko ulikuwa mmoja. Uchungu. Tano. Kuuawa. Kisha akapiga magoti palepale kwenye vumbi.

"Fumbo la tano la uchungu," akaanza. "Bwana wetu Yesu Kristo anasulubiwa na kufa msalabani kwa ajili yetu." Akasali Baba Yetu. Akasali Salamu Maria akihesabu kwa vidole, kumi kamili, na hakuna aliyemkatiza. Mimi nilikuwa nikiitikia, na mkono wa homugadi ulilegea, kwa sababu mama yake pia alikuwa Mkatoliki, alikuja kuniambia baadaye.

Alipofika Atukuzwe Baba, nyapara akamuuliza kwa sauti ya chini, kwa lugha ya kwetu, "Ulikuwa unamwombea nani?"

"Wewe," akasema, bado amepiga magoti. "Kila siku, tangu mwezi uanze. Mimi nani ana haja ya kuniua? Si wewe wanayekutafuta?"

Nyapara alivua kofia yake. Aliishika kifuani akikosa pa kuiweka, na mzungu alipomuuliza mke wake amesema nini hakuweza kutafsiri. Mwishowe akasema tu, "Ni sala, Bwana. Ni kweli ni sala." Mzungu akatutazama sote watatu, akavuta karatasi yake rasmi, akaandika barua ya kwenda kambini.

Barua ile ilitembea polepole kama barua zote za serikali. Mama mkwe alirudi siku ya kumi na moja. Alishuka barabara kuu akatembea mwenyewe, na mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa. Nilimfungua kumwosha. Vidole vitatu vilikuwa vimevunjwa na vilikuwa vimeanza kuunga vibaya, vimepinda kuelekea ndani. Sikuuliza nani wala kwa kitu gani. Fumbo lake mwezi ule lilikuwa la pili la uchungu, na mimi ndiye niliyemwandikia neno lake moja.

"Mama," nikasema, "nilinyamaza. Siku ile uwanjani nilinyamaza."

"Nilikuona," akasema. "Ungesema ningekuzaba kofi mbele ya mzungu wako. Una mtoto wangu tumboni." Akaingiza mkono ndani ya maji ya vuguvugu, akakunja uso. "Lakini nilikuambia uandike yote."

Nililia, na yeye akaniambia nipunguze kelele. Baadaye sana, mtoto amekwisha zaliwa na anatambaa, tulikuwa tunachambua mboga, akasema bila kunitazama kwamba vidole vilivunjwa siku ya pili. Alisema tu, alikuwa anaeleza kuhusu mvua iliyonyesha siku hiyo. Mimi nilikwenda ofisini siku ya tatu. Hakuwahi kuniuliza siku ya kwanza na ya pili nilikuwa wapi, na hesabu hiyo nimeifanya mwenyewe miaka yote.

Vidole vile havikuweza tena kushika shanga. Kwa hiyo kila jioni nilikaa kando yake nikamsogezea, punje moja kila Salamu Maria, na nikijaribu kukimbiza alinikanyaga mguu. "Sema yote." Tulizoeana hivyo. Siwezi kusema ni lini nilianza kumpenda, lakini mume wangu alipotaka kunihamishia Nakuru mjini mimi ndiye niliyekataa kwenda bila mama yake.

Uhuru ulikuja, mzungu akauza shamba akaenda zake, nasi tukapata kipande chetu kulekule Subukia. Miaka kadhaa baadaye padri akatangaza kwamba sasa misa itasomwa kwa Kiswahili. Jumapili hiyo kanisa jipya la mawe lilijaa mpaka nje. Padri alikuwa kijana wetu mweusi mwenye sauti nzuri. Mama mkwe alikuwa mzee kabisa, ameegemea bega langu. Padri akainua hostia, akainua kalisi, kisha akaweka mikono juu ya altare na kusema kwa sauti kuu, mbele ya watu wote: "Fumbo la imani."

Watu wote walikuwa wakimtazama yeye. Sisi wawili tuligeuka kwa pamoja tukatazama mlango.

Mlangoni alikuwepo mwanamke mmoja tu, amesimama akibembeleza mtoto. Mama alinibana mkono kwa vile vidole vyake vilivyopinda.

"Hakuna lori," akaninong'oneza. "Haya, jibu. Na useme yote."